Je, Wajua? Sumaku Huweza Kuchelewesha Jina la Mwiko

Mwoneshe mama ntilie wa Tandika au Mwananyamala picha ya mwiko. Atautaja papo hapo, ingawa ubongo wake umelazimika kwanza kutambua kitu hicho ni nini na hufanya kazi gani.

Hatua hiyo ya siri inaweza kucheleweshwa kidogo, bila kisu wala sindano. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walionesha kwamba koili ya sumaku ikiwekwa juu ya kichwa husisimua ubongo ndani ya fuvu.

Mwaka 2007, watafiti Gorana Pobric, Elizabeth Jefferies na Matthew Lambon Ralph walielekeza mapigo ya sumaku kwenye ncha ya ubongo iliyo karibu na panja la kushoto, kwa watu wenye afya njema. Kutaja picha kukawa kuzito. Kutaja tarakimu hakukubadilika! Hilo ndilo la kusisimua zaidi: ulimi haukuwa na tatizo, ila njia ya kuifikia maana.

Mwaka 2010 walisogeza koili nyuma na juu zaidi. Safari hii vilivyochelewa kutajwa ni vitu vya kushikwa na kutumiwa kwa mkono. Kwa mifano ya jikoni kwetu, ni mwiko, kisu na mbuzi ya kukunia nazi, si twiga.

Athari ya jaribio la 2007 ni ya muda mfupi tu, lakini inafanana na shida ya wagonjwa wanaopoteza maana za maneno kidogokidogo.