Mashua Moja, Kazi Mbili



Maulidi ya Lamu yanapokaribia, vijana wetu huanza kuzungumzia mashindano ya mashua. Chombo kilichokuwa jana kikivua samaki, leo huoshwa, hupakwa rangi na kutafutiwa tanga kubwa zaidi. Inatupasa wazazi tukifahamu kilivyoundwa, kwani mabaharia wake ni wana wetu.

Uti wake ni mkuku. Juu yake husimama mataruma, ambayo mafundi wa Matondoni huyachagua katika miti iliyopinda kwa maumbile, ili mbao zishike umbo bila kulazimishwa. Nyufa hutiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Hanamu husimama wima ikiyakata maji, na ubavuni mwa omo huwekwa macho, duara zenye mwezi na nyota. Tanga hufungwa kwenye foromali ndefu iliyopandishwa mlingotini, nalo huongozwa kwa demani.

Mbio hutokana na tanga. Salama hutokana na farumi. Mashua za Ulaya za kusafiria na kushindania aghalabu hufungwa uzito wa risasi au chuma chini ya mkuku, na uzito huo hauondoki. Farumi yetu ni mifuko ya mchanga. Upepo ukizidi, mabaharia huihamishia upande wa joshi, na wengine hukalia ubao uliotokezwa nje ya ubavu. Chombo kikigeuzwa, kazi huanza upya. Wakichelewa, chombo hulala na maji yakaingia.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye kutamani ushindi hushawishika kupunguza mchanga na kuongeza tanga, jambo asilothubutu siku ya kazi. Mashua ileile iliyolisha nyumba yaweza kuitia msiba kwa ajili ya shangwe ya saa moja.

Basi, mama, kabla hujampa mwanao ruhusa, uliza: Nahodha ni nani, na ana uzoefu gani? Je, kila baharia ana jaketi la kujiokolea? Je, mwanao anajua kuogelea?

Kuuliza si kukosa tawakali. Nabii Nuhu, alayhi salaam, aliahidiwa kuokolewa, na bado aliamrishwa kuunda jahazi.

Mwenyezi Mungu awarejeshe wana wetu pwani salama, washindi na walioshindwa. Amin.