Ukienda Liti, lala Singida

SHABIKI wa Simba au Yanga anayefunga safari kuifuata timu yake Singida huwa anajua mambo matatu tu: mechi ni Liti, kuku wa kienyeji wapo, na gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Filimbi ya mwisho ikipulizwa, Coaster zinawashwa, bendera zinachomoza madirishani, na jua halijazama vizuri msafara ushaanza kuitafuta Manyoni.

Akirudi kijiweni kwake Manzese au Mbagala anasema ameijua Singida. Hajaijua. Amejua jukwaa moja na choo kimoja cha njiani.

Hiyo ni kesi ya zamani ya mji huu. Singida ndiyo makao makuu ya mkoa unaobeba jina lake tangu 1963, lakini kwa Watanzania wengi ni mahali pa kupita. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mwanza inapita hapa, na ile ya Babati hadi Arusha inachepukia hapa hapa. Enzi zile mabasi yamepigwa marufuku kutembea usiku, aliyechelewa njiani alijikuta analala kwenye mji ambao hakuupanga. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kukata usiku, na sasa abiria wa Mwanza anaweza kuipita Singida amelala fofofo, mdomo wazi, asijue kama kulikuwa na mji.

Mpira ni moja ya sababu chache zilizobaki za kumfanya mgeni ashuke. Na mgeni akishuka atatafuta chumba, atakula, atapanda bajaji, atanunua lita tano za mafuta ya alizeti za kumpelekea mama. Ndiyo maana hapa ratiba ya Ligi Kuu inasomwa na watu ambao hata sheria ya kuotea hawaijui.

TIMU ZINAKUJA, TIMU ZINAONDOKA

Tatizo ni kwamba mji huu umefundishwa na timu zake kutozoea.

Singida United ilirudi Ligi Kuu 2017 kwa kishindo, ikamchukua kocha Hans van der Pluijm aliyekuwa ametokea Yanga, na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la FA pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Miaka miwili baadaye ikashuka daraja, na vibanda vilivyokuwa vinajaa siku ya mechi vikarudi kuuza soda moja moja.

Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, timu iliyopanda daraja ikiwa inaitwa DTB. Pluijm akarudi tena. Januari 2023 wakafika fainali ya Kombe la Mapinduzi na kulala 2-1 mbele ya Mlandege, na msimu ukaisha wakiwa nafasi ya nne. Wenyeji walipoanza kukariri wimbo, jina likabadilika kuwa Singida Fountain Gate. Kabla msimu haujaisha timu ikahamia Mwanza, halafu Babati, na neno Singida likadondoka njiani.

Kwenye nafasi hiyo hiyo ikaingia Ihefu kutoka Mbarali, Mbeya, ambayo ndiyo leo inaitwa Singida Black Stars. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ambao United ilipanda, sasa yuko sekondari na ameshashangilia timu za mkoa wake kwa majina manne. Hapo bado hujamhesabia Simba au Yanga yake ya moyoni.

Kiuwanjani hii ya sasa imewapa raha zaidi. Msimu wa 2024/25 ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 2-0 na Yanga kule Zanzibar. Septemba 2025, chini ya Miguel Gamondi, ikabeba Kombe la Kagame kwa kuichapa Al Hilal ya Sudan 2-1 jijini Dar es Salaam.

Lakini angalia viwanja hivyo. Zanzibar. Dar es Salaam. Hata ilipoanza Kombe la Shirikisho Afrika, mechi zake za nyumbani dhidi ya Rayon Sports ya Rwanda na Flambeau du Centre ya Burundi zilipigwa Dar. Singida ilizitazama kwenye runinga kama walivyozitazama watu wa Kigoma.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ligi. Oktoba 30, 2024 Black Stars ilikuwa mwenyeji wa Yanga, mechi ikapelekwa New Amaan, Zanzibar, Pacome Zouzoua akafunga, ikaisha 1-0. Kwenye makaratasi ilikuwa mechi ya nyumbani. Kwa mama lishe wa Ipembe ilikuwa mechi ya redioni. Miezi miwili baadaye, Desemba 28, Simba ikaja Liti yenyewe na kushinda 1-0 kwa bao la Fabrice Ngoma. Ukitazama msimamo, mechi hizo mbili ni kitu kimoja: bao moja, pointi tatu zimekwenda. Ukitazama mji, hazifanani hata kidogo.

NJIA NI SEHEMU YA MECHI

Kwa shabiki wa Dar safari imekuwa nyepesi tofauti na zamani. Tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Dodoma, na kutoka stendi ya Nanenane unabakiwa na kama kilomita 240 za lami.

Usilale kipande hiki. Ukishavuka mashamba ya mpunga ya Bahi, gari linaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Saranda, na ukigeuka nyuma unaiona tambarare yote imelala chini yako. Wilayani Manyoni kuna Sukamahela, mahali panapotajwa kuwa katikati kabisa ya Tanzania. Mbele kidogo ni Ikungi, na hapo mawe yanaanza. Mawe makubwa, mengine yamebebana kama mtu aliyapanga akaitwa nyumbani kabla ya kumaliza.

Mabasi yanaingia stendi ya Misuna, nje kidogo ya katikati ya mji. Misuna ndiyo pia kwenye soko la vitunguu, na harufu itakwambia kabla ya kibao. Vitunguu vya Singida vinavuka mipaka, malori yanakuja kuvifuata kutoka nchi jirani. Mwenye nafasi apite asubuhi aone vinavyochambuliwa na kufungwa kwenye viroba vyekundu hadi mdomo unavimba. Ni bure, na ni burudani kuliko baadhi ya mechi za sare tasa zilizowahi kuchezwa mjini hapa.

ASUBUHI NI YA ZIWA

Mgeni aliyefika siku moja kabla asikae chumbani kubishana kikosi kwenye simu. Achukue bajaji aende Singidani.

Singida ni mji wenye maziwa mawili pembeni yake, Kindai upande wa kusini na Singidani upande wa kaskazini. Singidani ndilo kubwa, maji yake yana chumvi, na miezi ambayo heroe wapo, wale ndege wa pinki ambao wengi wanawaita flamingo, ukingo wa ziwa unabadilika rangi. Watu wanalipa pesa ndefu kwenda kuwaona kwenye hifadhi. Hapa unawaona umevaa ndala na jezi, mhogo wa kukaanga mkononi.

Jambo la pili utakalokutana nalo ziwani ni upepo. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Singida si utani. Ndio ule ule ambao kila baada ya muda unazungumzwa kwamba utazalisha umeme. Kipa anayetoka pwani akija Liti kwa mara ya kwanza anapiga goli kiki anashangaa mpira umesimama angani kama unatafakari. Shabiki mwenye akili akiona hivyo asubuhi anajua jioni timu yake ipige chini.

Katikati ya mji ni pa kutembea kwa miguu. Ipembe kuna soko na pilikapilika zake, alizeti kwenye madebe, mafuta kwenye madumu ya lita tano na ishirini, asali ya Manyoni na Itigi kwenye chupa zilizowahi kuwa na kazi nyingine. Majengo ni kitaa cha wakazi wa siku nyingi, nyumba zimekaribiana na baraza za mazungumzo. Utemini ni kimya zaidi. Mandewa ndiko mji unakokua, nyumba mpya na fremu mpya kila ukipita.

Halafu uwanja wenyewe. Wakongwe bado wanauita Namfua, na usiwakosoe. Liti, kwa Mnyaturu, ni Liti Kidanka, mwanamke aliyepambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Masimulizi ya wazee yanasema silaha yake kubwa ilikuwa nyuki, aliwatuma wakawatimua askari wenye bunduki. Mashabiki wageni wanaoingia na mavuvuzela wangeijua hadithi hiyo wasingepiga kelele kwa kujiamini namna ile.

USIKU UNA KUKU

Mechi ya saa 10 jioni ikiisha, baridi inaanza kazi. Juni na Julai ni balaa, mtu wa Tanga aliyekuja na fulana tu anaweza kununua jaketi la mtumba la timu pinzani na asione aibu.

Hapa ndipo waliobaki wanapowacheka walioondoka. Moshi unapanda kwenye majiko ya pembeni ya barabara na kuku anaanza kuzungumza. Huyu si wa wiki sita wa kule mjini. Ni kuku aliyekimbizwa, aliyekula punje na wadudu, nyama yake inataka meno. Anayejua anamwagiza mapema, kabla hata ya kuketi, maana wa kienyeji haivi kwa haraka yako. Mwenye bahati atapata wa kuchemsha na ugali wa mtama au uwele, na mlenda pembeni. Mlenda huo ukikuona wewe ni wa Dar unateleza makusudi.

Usiku wa Singida si wa Sinza na hauna haja ya kuwa. Hakuna foleni ya kuingia klabu. Kuna baa za wazi zenye runinga kubwa, nyama choma, bongo fleva ikipokezana na singeli, na meza ambazo mgeni akikaa peke yake dakika kumi tayari ameshaulizwa katoka wapi na alionaje ile penalti. Vijana wasio na pesa ya bia wanarundikana kwenye vibanda umiza kuangalia mechi za Ulaya. Mbishi wa Arsenal wa Mitunduruni hana tofauti na wa Kariakoo, ila huyu wa hapa atakusindikiza mpaka gesti.

Usiku wa mechi kubwa ndio utaelewa hesabu ya mji. Gesti zinajaa, na waliochelewa wanazunguka na boda kutafuta chumba hadi Kindai. Mchoma mishikaki anaongeza jiko la pili. Bajaji hazilali. Asubuhi yake mama lishe anapika chapati mara mbili ya kawaida. Mechi ikihamishiwa mkoa mwingine, hao wote hawafungwi bao, lakini hesabu za wiki hiyo zinaisha bila wao kufunga.

SASA KUNA MTIPA

Machi 2025 Black Stars ilizindua uwanja wake yenyewe Mtipa, pembeni ya mji, kwa kuwaalika Yanga kwenye mechi ya kirafiki. Ni uwanja uliopewa jina la Airtel, na kwa watu waliozoea klabu za kupanga, kuona timu inajenga ukuta lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima. Timu yenye nyumba si rahisi kuamka asubuhi ikahama.

Lakini nyumba bila wageni ni godauni. Kama mechi za Simba na Yanga zitaendelea kutafutiwa viwanja vyenye mapato zaidi, na zile za Afrika zikabaki Dar, Mtipa itakuwa sehemu ya kuwafungia timu za mkiani tu. Klabu ina haki ya kupiga hesabu zake, mishahara hailipwi kwa mapenzi. Ila jina lililo kifuani ni la mji, na mji huo ushaachwa mara moja.

Kwa mashabiki wa timu pinzani, mchango wao ni mdogo na hauumi. Ratiba ikisema Singida, wapange siku mbili. Wakodi gari linalorudi asubuhi. Waende ziwani, wapite Ipembe, wale kuku kwa kutulia.

Saa 11 alfajiri pale Misuna, waliofanya hivyo utawajua. Mmoja kabeba dumu la alizeti, mwingine kiroba cha vitunguu, wa tatu amevaa jezi ya Yanga na ana tenga la kuku watano. Kondakta anataka nauli ya tenga. Mwenye tenga anasema jana wamepoteza pointi mbili, wamuonee huruma. Jogoo ndani ya tenga anawika, na abiria wa Mwanza dirishani anafumbua jicho moja kuuliza hapa ni wapi.