Bati na mbolea ya SA vilivyoizuia pamba kushika moto

UKIWASHA kiberiti chini ya kipande cha kitambaa cha poliesta, kitajikunja, kitayeyuka na kudondosha matone yanayoganda kwenye ngozi. Kitambaa cha pamba hakiyeyuki. Ndiyo maana mchomelea vyuma hushauriwa kuvaa pamba. Tatizo ni kwamba pamba ikishika moto huwaka hadi iishe.

Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ni selulosi. Joto likifika nyuzi 300 hivi, selulosi huvunjika na kutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Pamba huhitaji hewa yenye oksijeni kama asilimia 18 tu ili iendelee kuwaka, na hewa tunayovuta ina asilimia 21.

Waingereza walilijua hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20, familia maskini zilivalisha watoto flaneli ya pamba kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya sufu. Manyoya yake yaliyokwanguliwa hunasa hewa, hivyo cheche moja ya jiko ilitosha kuwasha gauni zima. Watoto wengi waliungua.

Mkemia William Henry Perkin mdogo, profesa wa Manchester na mwana wa yule aliyegundua rangi ya zambarau ya viwandani mwaka 1856, alitafuta dawa. Alijiwekea masharti ambayo mfanyabiashara yeyote angeyakubali: kitambaa kibaki laini, rangi isififie, dawa isitoke kwa kufuliwa, isidhuru ngozi, na bei isiwe kubwa.

Alichovya kitambaa katika sodiamu staneti, ambayo ni chumvi ya bati, akakikausha, kisha akakichovya katika salfeti ya amonia. Naam, ile ile ambayo mkulima anaiita mbolea ya SA. Viwili hivyo vilipokutana ndani ya nyuzi viliacha oksidi ya bati isiyoyeyuka katika maji. Chumvi iliyobaki ilioshwa. Kitambaa kilifuliwa tena na tena, na bado kikakataa kuwaka.

Masharti yote yalitimia isipokuwa la bei. Bati ni ghali, na mnunuzi wa flaneli alikuwa ameichagua kwa sababu hana fedha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo zima lilipo kwa anayetaka kuwekeza.

Leo watafiti hutumia oksidi za titani, alumini na zinki. Kitambaa huchovywa katika kimiminika chenye madini hayo, hukamuliwa kwa roli, kisha hupitishwa kwenye joto ili ubaki utando mwembamba mno. Utando huo hukinga joto na hewa, na husaidia pamba kugeuka mkaa badala ya mvuke. Hata hivyo, oksidi peke yake mara nyingi hupunguza tu kasi ya moto, kwa hiyo huchanganywa na fosforasi.

Aidha, suala la usalama si dogo. Mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku dawa ya bromini iitwayo Tris katika nguo za kulalia za watoto, baada ya kuhusishwa na saratani.

Tanzania bati huchimbwa Kyerwa mkoani Kagera, na pamba hulimwa ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Lakini sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa marobota, kabla haijasokotwa, na dawa ya moto hutiwa baada ya kufumwa. Mkulima wa Maswa hataona hata senti ya ongezeko hilo mpaka kuwe na viwanda vya kufuma na kumalizia vitambaa hapa hapa.

Mwenye kiwanda akiletewa dawa ya namna hii, asiulize kwanza kama kitambaa kinakataa moto. Kikiwa kipya, karibu vyote hukataa. Akifue mara 50 kwa sabuni ya mche na maji ya kisima, kisha awashe kiberiti tena.