Performansi: nani kavunja rekodi?

Mtu akizunguka soko la Kitshanga kutwa nzima amejipaka masizi, watu watabishana: kichaa, mganga, au msanii? Kwangu kipimo ni kimoja. Mwigizaji huazima maisha ya mwingine. Mtu wa performansi huweka yake mwenyewe rehani. Kwa kipimo hicho, vinara ni hawa.

Mvumilivu kuliko wote ni Tehching Hsieh, mzaliwa wa Taiwan. Kuanzia Aprili 1980, huko New York, alipiga kadi kwenye saa ya kiwandani kila saa, usiku na mchana, mwaka mzima. Kati ya mara 8,760 alikosa 133 tu, nyingi kwa usingizi. Alianza na kipara, akajipiga picha kila mara, hata nywele zikaota zikamfika mabegani. Msanii mwenzake Marina Abramović anajulikana zaidi kwa saa zaidi ya 700 alizokaa kitini mwaka 2010, lakini yeye jioni alikwenda kulala.

Kwa kelele, hakuna wa kumshinda Eddy Ekete wa Kinshasa, mwanzilishi wa tamasha la KINACT. Hutembea barabarani amevaa makopo matupu toka kichwani hadi miguuni. Unamsikia kabla hujamwona.

Kwa ujasiri, tusiende mbali. Mei 2015 Milo Rau, mwongozaji Mswisi wa tamthilia, aliitisha Bukavu mahakama ya siku tatu isiyo na mwigizaji hata mmoja. Avoka Sylvestre Bisimwa alikuwa avoka kweli, mashahidi walikuwa mashahidi kweli, na mgodi wa Bisie, kule Walikale, ulikuwa kati ya kesi zilizosikilizwa. Hukumu haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Gazeti la The Guardian liliuliza kama huo si mchezo wa jukwaani wa kisiasa kabambe kupita yote. Sawa, ila taji simpi Rau, aliyekuwa na tiketi ya ndege ya kurudi Ulaya. Nawapa mashahidi, waliotaja mambo hadharani kisha wakarudi kulala kwao.

Wasiotambuliwa kabisa? Wanavijiji wa Kivu Kaskazini katika maigizo shirikishi, kama yale ya shirika la Search for Common Ground. Mchezo wa mkulima na mfugaji wanaogombea shamba husimamishwa katikati, mtazamaji anaitwa aingie aonyeshe angefanyaje. Anaingia kwa jina lake, na jirani anayegombana naye yumo humo humo kwenye umati, anamsikiliza.