BAISIKELI ZITAPITA WAPI? SOMO LA RAMANI YA RWANDA

Kabla hatujaanza, tandikeni mezani ramani ya Rwanda. Tafuteni pia kipande cha uzi na kalamu ya risasi.

Kila mwaka, kabla ya mashindano makubwa ya baisikeli yaitwayo Tour du Rwanda, ubishi huzuka katika vinyozi na vituo vya basi: safari hii zitapita wapi? Mmoja huapa kwamba zitapita mjini kwake, mwingine humcheka. Leo nataka kuwaonyesheni kwamba jambo hili si la kupiga ramli. Mwenye ramani, na mwenye kukumbuka ya miaka iliyopita, aweza kukisia sehemu kubwa ya njia kabla wakubwa hawajaitangaza.

Kwanza tuelewane juu ya mashindano yenyewe. Yalianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 yamo katika kalenda ya chama cha baisikeli cha ulimwengu. Hayaishi kwa siku moja. Huchukua siku 8 mfululizo, pasipo siku ya kupumzika, na kila siku ina mwanzo wake na mwisho wake. Sehemu hiyo ya siku moja ndiyo tunayoiita hatua. Saa za kila mwendeshaji hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi, naye huvaa fulana ya manjano. Kwa hiyo mtu aweza kushinda mashindano yote bila kushinda hata hatua moja. Na ndiyo sababu njia ni jambo kubwa: njia ya vilima vikali humfaa mtu mwembamba apandaye upesi, na njia iliyonyoka humfaa mwenye mapaja mazito.

Sasa tazameni ramani. Kigali uko karibu na katikati ya nchi, na barabara za lami zatoka hapo kama vijiti vya gurudumu. Moja yaenda kaskazini-magharibi hadi Musanze, kisha Rubavu. Nyingine yashuka kusini kupitia Muhanga hadi Huye. Nyingine yaelekea mashariki, Rwamagana na Kayonza, na huko yagawanyika kwenda Nyagatare. Kutoka Huye barabara yageuka magharibi, yapenya msitu wa Nyungwe, na kutokea Rusizi. (Kama ramani yenu ni ya zamani, mtaona Butare badala ya Huye, Gisenyi badala ya Rubavu, Cyangugu badala ya Rusizi. Majina yalibadilishwa mwaka 2006.)

Wekeni uzi kutoka Rusizi, ufuate ukingo wa Ziwa Kivu kupitia Karongi hadi Rubavu. Barabara hii yapinda kama nyoka aliyekanyagwa, nayo ni kama kilomita 200. Zamani sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi na matope. Ilipotiwa lami, waandaaji waliikimbilia. Mwaka 2020 waliifanya hatua moja nzima, na mwaka 2023 wakairudia. Hapa pana kanuni ya kwanza ya kukisia: ulizeni ni barabara gani mpya imekwisha. Serikali hupenda ionekane, na waendeshaji hupenda lami isiyo na mashimo.

Kanuni ya pili ni vitanda. Msafara huu una watu mamia: waendeshaji, makanika, waganga, waamuzi, waandishi wa habari, madereva. Wote hao lazima walale na kula. Kwa sababu hiyo Musanze, Huye, Karongi na Rubavu hurudi karibu kila mwaka. Mji mdogo usio na nyumba nyingi za wageni waweza kupewa mwanzo au mwisho wa hatua, lakini ni lazima uwe karibu na mji wenye vitanda. Wala msidhani kwamba hatua ya kesho sharti ianze pale ya leo ilipoishia. Mwaka 2023 hatua moja iliishia Karongi, na ya kesho yake ikaanzia Rusizi; watu na baisikeli wakachukuliwa kwa magari.

Tatu, tarehe. Tangu mwaka 2019 mashindano hufanywa mwishoni mwa Februari (mwaka 2021 tu yalifanywa Mei). Wakati huo masika hubisha hodi. Mwaka 2025 hatua ya mwisho, mjini Kigali, ilikatizwa kwa sababu ya mvua kubwa. Mwaka huo huo palikuwa na vita upande wa pili wa mpaka, Goma, mji ulio mlango mmoja na Rubavu, na timu moja ya Ubelgiji ikakataa kuja. Basi mwenye kukisia asisahau kusikiliza taarifa ya habari pamoja na kusoma ramani.

Kuhusu siku ya mwisho sina shaka hata kidogo: Kigali. Huko Nyamirambo kuna mpando uitwao Kwa Mutwe, kama mita 400 tu za mawe yaliyopangwa, lakini mwinuko wake ni kama asilimia 11. Yaani kila mita 100 unazokwenda, umepanda mita 11. Watu hujaa pande zote mbili wakipiga kelele hata mwendeshaji hasikii mnyororo wake. Mpando huo ulitumika pia Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya ulimwengu, ya kwanza kufanywa Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda.

Linalowachoma Wanyarwanda moyoni ni jingine. Samuel Mugisha alishinda Tour du Rwanda mwaka 2018. Tangu hapo hadi mashindano ya 2025, hakuna mwana wa nchi aliyeshinda tena. Wamekuja Waeritrea, Mhispania, Mwingereza, Mfaransa. Wako wasemao njia ingewekwa milima mingi zaidi, vijana wa nyumbani wangeshinda. Mimi siafiki. Vilima hivyo vinawafaa pia Waeritrea, ambao wamelelewa milimani vilevile, na kijana wa Ulaya mwenye makanika watatu hupanda vizuri kuliko mwenye mmoja.

Sasa kazi yenu. Andikeni siku 8 katika karatasi. Siku ya 8 andikeni Kigali. Siku moja ipelekeni mashariki, ambako vilima ni vya upole, na moja Huye. Ukingo wa Kivu upewe siku mbili. Zilizobaki bishaneni, na karatasi ziwekwe mahali pamoja hadi njia itakapotangazwa. Yangu nimekwisha kuiandika: siku ya tatu, Huye hadi Rusizi, kupitia Nyungwe.