Akaunti Ikikataliwa, Benki Ikanyamaza

Barua yenyewe huwa na mistari mitatu. Wa kwanza unakushukuru kwa kuichagua benki, wa pili unasema imeshindwa kukufungulia akaunti, wa tatu unakuarifu kwamba uamuzi ni wa mwisho na hakuna maelezo yatakayotolewa. Yangu ilikuja kwa baruapepe, siku 10 baada ya kupanga foleni kwenye tawi moja mjini Leicester, Uingereza, nikiwa na pasipoti, mkataba wa nyumba na barua ya mwajiri. Nikarudi tawini. Aliyekuwa dirishani siku ile alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, mmoja wa wale ambao familia zao zilifukuzwa Uganda mwaka 1972. Akafungua kompyuta, akasoma, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, hata mimi hapa sioni kitu," akaniambia kwa Kiswahili ambacho bila shaka hakukitumia kwa miaka mingi.

Nilimwamini. Uamuzi ulikuwa umefanyika mbali na dirisha lake, na yeye alibakiwa na neno moja tu kwenye kioo: imekataliwa. Huku nyuma mwajiri alikuwa akinisubiri, maana mshahara wa siku hizi hautiwi kwenye bahasha, unataka namba ya akaunti. Mwenye nyumba naye alitaka kodi kwa njia ya benki. Na benki nyingine niliyoijaribu ilitaka bili yenye jina langu, ambayo huipati mpaka uwe umeshalipa kodi ya nyumba kwa njia ya benki. Mgeni yeyote aliyeishi Ulaya anaujua mzunguko huo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kabla ya kuwa suala la haki hili ni suala la biashara. Akaunti ya kawaida Uingereza haina makato ya mwezi. Benki hupata chake kwenye riba ya fedha zinazolala humo, kwenye mikopo, na kwenye ada ndogo kila kadi inapotumika dukani. Kwa kadi ya kawaida isiyo ya mkopo ada hiyo ina kikomo cha asilimia 0.2, yaani peni 20 kwa kila pauni 100. Mbeba maboksi anayetumia pauni 1,000 kwa mwezi kwa kadi anaiingizia benki yake pauni 2. Kwa mwaka, pauni 24. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mkaguzi wa nyaraka akilipwa kima hicho, na kwa kawaida hulipwa zaidi, akikaa saa 2 na faili la mtu mmoja ameshamaliza pato la mwaka mzima.

Upande wa pili wa mizani kuna faini. Mwaka 2012 HSBC ilikubali kulipa Marekani dola bilioni 1.9, baada ya fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kupita mikononi mwake. Desemba 2021 NatWest ilitozwa pauni milioni 264.8 kwa sababu ya mteja mmoja tu, kampuni ya biashara ya dhahabu ya mjini Bradford, ambayo noti zake zilikuwa zikiletwa benki kwenye mifuko myeusi ya taka, mingine ikichanika kwa uzito. Wakosaji hao hawakuwa wafagiaji wa hospitali wala wauguzi wa zamu ya usiku. Lakini faini ikishaanguka, anayebanwa kwanza ni mteja ambaye kumpoteza hakuumi.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina la kitaalamu la kupunguza hatari, ambalo kwa lugha ya sokoni ni kumfukuza mteja kabla hujajua kama ana kosa.

Waliolionja mapema ni Wasomali. Dahabshiil, iliyoanzishwa na Mohamed Said Duale mjini Burao mwaka 1970, ilikua hadi kuwa kampuni kubwa ya kutuma fedha Pembe ya Afrika. Kampuni kama hiyo, hata iwe na mawakala katika kila kona, haiwezi kupumua bila akaunti ya benki: pauni zinazokusanywa London lazima zilale mahali kabla ya kulipwa kama dola Hargeisa au Mogadishu. Mwaka 2013 Barclays iliziarifu kampuni nyingi za kutuma fedha kuwa inafunga akaunti zao. Wakati huo Wasomali wa nje walikuwa wakituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, katika nchi ambayo hawala ndiyo benki, ndiyo bima, ndiyo karo ya shule. Mwanariadha Mo Farah alijitokeza hadharani kupinga. Dahabshiil ilikwenda Mahakama Kuu, Novemba mwaka huo ikapata zuio la muda, na Aprili 2014 pande mbili zikapatana: kampuni ikapewa miezi michache ya kutafuta pengine pa kuweka fedha zake. Hakuna aliyethibitisha kosa lolote. Februari 2015 benki ya Merchants ya California ikafanya kama hivyo Marekani, na mwezi uliofuata Westpac ikafuata Australia.

Na tusijitie usafi. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilizifungia kampuni 13 za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwemo. Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ilikaa wiki kadhaa bila mlango wake mkuu wa fedha, mpaka zilipofunguliwa mwezi Juni. Benki ya London ilimwogopa mteja, nasi tukamwogopa jirani.

Mtu mmoja alisoma alama za nyakati. Ismail Ahmed, mzaliwa wa Hargeisa, alianzisha WorldRemit mwaka 2010 kwa kanuni moja: mtumaji hataleta noti dukani, atalipa kutoka kwenye akaunti au kadi yake, ili kila senti iwe na nyayo. Benki na wadhibiti waliipenda, na wengine wengi wakaiga, kiasi kwamba leo mtu anamtumia mama yake fedha kwenye M-Pesa akiwa amesimama kituo cha basi. Lakini ona kilichotokea. Dawa ya ugonjwa wa kampuni ikawa ugonjwa wa mteja: asiye na akaunti hana pa kuanzia. Anabaki na duka la kona, na noti zake, na makato makubwa zaidi. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa karibu asilimia 8, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Si fedha ndogo. Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa diaspora mwaka 2024.

Benki za simu zilionekana kuwa mkombozi. Hazina tawi wala foleni, unapiga picha pasipoti na uso wako, dakika chache baadaye una namba ya akaunti. Wengi wetu tumeingilia mlango huo, na mimi nawaambia wageni waanzie huko. Hata hivyo Julai 2025 mdhibiti wa Uingereza aliitoza Monzo faini ya pauni milioni 21.1 kwa ulegevu. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba kuna watu walifungua akaunti kwa kutoa anwani ya Ikulu ya Buckingham na ya makazi ya Waziri Mkuu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye treni, nikikumbuka mkataba wangu halali wa chumba kimoja Leicester.

Sasa, kwa nini benki hainyooshi maneno? Sababu ipo, na si ya kubuni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 kuhusu mali ya uhalifu inamtaka mtumishi wa benki akimshuku mteja aripoti, kisha inamkataza kumdokezea. Akidokeza, anaweza kufungwa hadi miaka 2. Ripoti za namna hiyo huzidi laki 8 kwa mwaka. Mhudumu asiyejua faili lako lina ripoti au halina ataona usalama wake uko kwenye kimya, na wakuu wake watampongeza. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipo: amri iliyowekwa kwa ajili ya watuhumiwa wachache imetandazwa kama blanketi juu ya kila anayekataliwa, hata yule ambaye picha ya pasipoti yake ilitoka na ukungu.

Halafu kuna orodha ya kijivu, ya nchi zenye kasoro katika kudhibiti fedha chafu. Kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, FATF, kiliiweka Tanzania humo Oktoba 2022 na kuitoa Juni 2025. Uganda ilikaa kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, mwezi uleule Kenya ilipoingia. Kwa sheria ya Uingereza ukaguzi mkali zaidi unamhusu mteja anayeishi katika nchi iliyoorodheshwa, si kila mwenye pasipoti yake. Mtanzania anayeishi Reading si suala la orodha hiyo. Lakini fomu inauliza uraia na ulikozaliwa, na jinsi majibu hayo yanavyopimwa ni siri ya jikoni.

Haki ya akaunti ya msingi ipo, na wengi hawaijui. Ufaransa waliiandika mapema, mwaka 1984: ukikataliwa unapeleka barua ya kukataliwa kwa Banque de France, nayo inakuteulia benki ambayo haina ruhusa ya kukukwepa. Ujerumani, tangu Juni 2016, benki ina siku 10 za kazi kukujibu, na anayeomba hifadhi naye anastahili. Uingereza ilizitaja benki 9 kubwa kuwa na wajibu wa kumfungulia akaunti ya msingi mkaazi halali asiye na nyingine, na zikikataa ziseme kwa maandishi kwa nini, isipokuwa pale sheria inapozifunga mdomo. Ghuba hadithi ni nyingine kabisa. Katika Falme za Kiarabu, ambako tangu 2009 mishahara hupitia mfumo wa serikali, vibarua wengi hupewa kadi ya mshahara kupitia mwajiri. Fedha zinaingia, ila kamba ameshika bosi.

Wiki ya pili baada ya kukataliwa, shemeji yangu alinipigia. "Shemeji, unahangaika nini? Pitishia kwangu, mwisho wa mwezi nakutolea." Alisema kwa wema, na ndivyo tulivyolelewa. Nilikataa kwa sababu moja tu. Mshahara wa mtu mwingine ukiingia kwenye akaunti yako kila mwezi kisha ukatolewa wote, kompyuta ya benki inaona kitu kilekile inachokiona kwa punda wa fedha za wizi. Jina likishaingizwa kwenye kanzidata ya udanganyifu ya Cifas, ambayo benki huitazama kabla ya kukufungulia mlango, linaweza kukaa humo hadi miaka 6. Wapo waliokwenda kumwokoa ndugu wakarudi wawili bila akaunti.

Aliyetuonyesha njia ya kutokea, kichekesho kilichoje, ni Nigel Farage, mwanasiasa aliyejenga jina kwa kuwapinga wahamiaji. Mwaka 2023 benki ya matajiri, Coutts, ilipomfungia akaunti, alitumia sheria ya taarifa binafsi kudai kila kilichoandikwa juu yake. Akapewa faili la kurasa 40, na kabla Julai haijaisha mkuu wa NatWest, kampuni mama, alikuwa amejiuzulu. Serikali ikatangaza kwamba notisi ya kufunga akaunti itaongezwa kutoka miezi 2 hadi siku 90, na sababu zitolewe. Anayenyimwa kufungua hakupata uangalizi kama huo.

Lakini sheria aliyoitumia haibagui pasipoti. Nami niliandika ombi, aya moja, nikataja tarehe na tawi. Zikaja kurasa 6, nyingine zimepakwa wino mweusi. Hakukuwa na ugaidi wala orodha ya kijivu. Pasipoti yangu ina majina matatu, langu, la baba na la babu. Mashine ilimchukua babu kuwa ukoo, barua ya mwajiri ilimtaja baba, na mbele ya jina langu pakaandikwa kwamba utambulisho haukuthibitika. Mwajiri alirekebisha barua asubuhi moja, na benki ya tatu ikanifungulia akaunti wiki hiyohiyo.

Ombi hilo ni la bure, linaweza kutumwa kwa baruapepe, na benki kwa kawaida ina mwezi mmoja wa kulijibu.