Fahamu: Kiatisuk Senamuang, Mthai aliyekuwa mwalimu wa kandanda Vietnam

Ni nani?
Kiatisuk Senamuang, aliyezaliwa mwaka 1973 na kulakabiwa Zico, alikuwa mshambuliaji mashuhuri wa Thailand, ambaye, baada ya kujiunga na Huddersfield Town ya Uingereza mwaka 1999 bila kujaaliwa kucheza hata mechi moja ya ligi, alihamia baadaye klabu ya Hoang Anh Gia Lai, akatwaa nayo ubingwa wa Vietnam mwaka 2003 na 2004, kisha akaifundisha.

Kwa nini atajwe?
Thailand na Vietnam ni mahasimu wa jadi uwanjani. Hivyo taadhima aliyopewa Vietnam ni jambo adhimu.

Ualimu wake
Aliipa Thailand ubingwa wa Kusini-Mashariki mwa Asia mwaka 2014 na 2016. Mwaka 2021 Hoang Anh Gia Lai, aliyoirudia, iliongoza ligi, lakini korona ikasababisha msimu kufutwa, na taji halikutolewa.